Tiba ya Jadi ya Kichina na Hesabu ya Gharama Zake

Sifa inayorudiwa zaidi kuhusu tiba ya jadi ya Kichina, hata na watu wasioiamini sana, ni kwamba bei yake ni nafuu. Sifa hiyo ina historia. Jamhuri ya Watu wa China ilipoanzishwa mwaka 1949, madaktari waliosomea tiba ya kisasa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na idadi ya watu, na wengi wao waliishi mijini. Serikali ikawatumia waganga wa jadi waliokuwapo tayari vijijini, na katika miaka ya 1960 ikawaongezea vijana waliopewa mafunzo mafupi, wale walioitwa madaktari pekupeku, ambao mkobani mwao mlikuwa na sindano za akupancha (sindano nyembamba zisizo na dawa, zinazochomwa mwilini kama tiba), mitishamba iliyochumwa jirani na dawa chache za viwandani. Katika mazingira yale tiba ya jadi ilishindana na kukosa tiba kabisa, na kwa kipimo hicho ni vigumu kwa kitu chochote cha bei ya chini kushindwa.

Mgonjwa wa leo wa Shanghai, Taipei au Berlin yuko katika hali nyingine. Ana njia zaidi ya moja ya kutibiwa, na fedha inayotumika kwenye njia moja, iwe yake au ya bima, haipo tena kwa ajili ya nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza tiba fulani inagharimu kiasi gani, inafaa kuuliza inalinganishwa na nini. Maandishi mengi ninayoyasoma kuhusu jambo hili, ya washabiki na ya wapinzani vilevile, huliruka swali hilo na kwenda moja kwa moja kwenye hukumu.

Wachumi wa afya wana njia yao ya kulifanyia kazi. Huhesabu mwaka mmoja wa kuishi na afya kamili kuwa ni 1 na kifo kuwa ni 0, kisha hupima mgonjwa anapata sehemu gani ya mwaka huo akitumia tiba mpya, na angepata sehemu gani akibaki na huduma aliyonayo. Tofauti ya gharama baina ya njia hizo mbili hugawanywa kwa tofauti ya afya, na jawabu linalotoka ni bei ya mwaka mmoja wa afya. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayoshauri huduma ya taifa ya afya ilipie nini, kwa miaka mingi ilitumia kikomo cha kati ya pauni 20,000 na 30,000: tiba iliyouza mwaka wa afya chini ya hapo ilikuwa na nafasi nzuri ya kukubaliwa.

Mfano ninaoupenda, kwa sababu hesabu yake ni fupi na haifichi kitu, ni wa jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 401 wenye maumivu sugu ya kichwa, wengi wao wa kipandauso, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida ya daktari wao, na jingine liliongezewa hadi vipindi 12 vya akupancha katika miezi mitatu, vilivyotolewa na wataalamu wa fiziotherapia waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalikuwa sawa na kupungukiwa na siku 22 za maumivu kwa mwaka. Waliochomwa sindano walitumia dawa pungufu kwa asilimia 15 na kumwona daktari mara pungufu kwa asilimia 25. Hata hivyo, ukijumlisha kila kitu, wao ndio waliogharimu zaidi: wastani wa pauni 403 kwa mtu katika mwaka mzima, dhidi ya pauni 217 kwa wenzao. Faida yao, ikigeuzwa kuwa afya, ilikuwa 0.021 ya mwaka, yaani karibu siku nane za afya kamili. Watafiti walikadiria bei ya mwaka wa afya kuwa pauni 9,180, kiasi kilicho chini sana ya kikomo nilichokitaja.

Hapo akupancha haikuokoa fedha hata kidogo. Iliongeza matumizi, na ongezeko hilo likaonekana kuwa linastahili kulingana na kilichopatikana. Mambo hayo mawili huchanganywa kila siku: tiba inayopunguza gharama, na tiba ambayo gharama yake ya ziada inalipa. Tiba nyingi nzuri duniani, za jadi na za kisasa, ni za aina ya pili, na anayezitetea kwa kudai kwamba zinabana matumizi anazitafutia kesi ambayo hazitashinda. Jambo lingine ni udogo wa ile 0.021. Gharama ya pauni 186 ikigawanywa kwa namba ndogo kiasi hicho, mabadiliko kidogo tu katika makadirio ya faida huipandisha au kuishusha bei kwa maelfu ya pauni. Tafiti nyingine za wakati ule zilitoa majibu ya kiwango kinachokaribiana, kwa mfano pauni 4,241 kwa maumivu ya mgongo nchini Uingereza na yuro 10,526 kwa maumivu hayo hayo nchini Ujerumani, zote za mwaka 2006, na sioni sababu ya kuzitilia shaka kama hesabu. Shaka yangu iko kwenye kundi la kulinganishia. Katika tafiti hizi wagonjwa waliopata akupancha walilinganishwa na wagonjwa ambao hawakupata kitu cha ziada, na wote walijua wamepata nini.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walichomwa sindano kwa kufuata kanuni za Kichina, wa pili walichomwa juu juu tu, mahali ambapo kwa kanuni hizo si vituo vya akupancha, wa tatu walipewa tiba ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu. Sindano za kuigiza, kwa kipimo cha takwimu, zilifanya kazi sawa na sindano halisi, na zote mbili ziliipita kwa mbali tiba ya kawaida. Majaribio haya ya Ujerumani yalikuwa yamekwisha kujulikana kwa wenye kuamua, na mwaka 2006 chombo kinachoamua bima za umma zilipie nini kilikubali akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo na ya goti.

Uamuzi huo uliwachekesha baadhi ya wanasayansi, ambao walisema bima imeamua kulipia plasebo, yaani tiba ya kuigiza inayomsaidia mgonjwa kwa sababu tu anaamini ametibiwa. Mimi sikuona kichekesho. Mwenye mfuko wa bima ana mgonjwa ambaye mgongo unamuuma, ana njia mbili za kumhudumia, na mojawapo inawapa nafuu watu wengi zaidi. Nadharia iliyo nyuma yake ni suala la watu wengine. Ila anayekubali hoja hiyo hana budi kuifuata hadi mwisho wake, na mwisho wake hauwapendezi waganga wa akupancha. Ikiwa sindano iliyochomwa mahali popote inatoa karibu nafuu ile ile, basi miaka ya kujifunza njia za nguvu mwilini na mamia ya vituo vyake haiongezi thamani ambayo bima inapaswa kuilipia. Kinacholipiwa ni muda, uangalizi, mguso na matumaini ya mgonjwa, na vitu hivyo vinaweza kununuliwa kwa bei ndogo kutoka kwa mtu mwenye mafunzo mafupi zaidi. Ni haki kuongeza kwamba uchambuzi wa mwaka 2012 uliounganisha taarifa za wagonjwa 17,922 kutoka majaribio 29 ulikuta tofauti halisi kati ya sindano za kweli na za kuigiza. Lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile iliyopo kati ya kuchomwa na kutochomwa kabisa.

NICE yenyewe imeyumba kwa sababu hii hii. Mwaka 2009 ilipendekeza hadi vipindi 10 vya akupancha kwa maumivu ya mgongo. Mwaka 2016, ikiupa uzito zaidi ulinganisho na sindano za kuigiza, ikafuta pendekezo hilo na kuagiza kwamba akupancha isitolewe kwa ugonjwa huo. Mwaka 2021 ikairudisha kwa mlango mwingine, katika mwongozo wa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoeleweka, na safari hii ikaambatanisha masharti ambayo, kwa maoni yangu, yanafundisha kuliko makala nyingi: huduma itolewe nje ya hospitali kubwa, na mtumishi asiyezidi daraja fulani la mshahara, na isichukue zaidi ya saa tano za muda wake kwa jumla. Huko ndiko kusema waziwazi kwamba sindano ile ile, kwa mgonjwa yule yule, inastahili fedha ya umma ikishikwa na mkono wa mshahara huu na haistahili ikishikwa na mkono wa mshahara ule. Marekani nayo, ilipoanza mwaka 2020 kuwalipia wazee walio katika bima ya Medicare akupancha ya maumivu sugu ya mgongo, iliweka vipindi 12 katika siku 90 na vinane zaidi kwa anayeonyesha nafuu tu, visizidi 20 kwa mwaka.

Upande wa mitishamba hesabu ni ngumu zaidi, na ugumu unaanzia jikoni. Daktari wa jadi humtazama mgonjwa ulimi, humshika mishipa ya mkono, kisha huandika orodha ya viambato, mara nyingi 10 hadi 15, ambavyo hupimwa kwa gramu na kufungwa katika pakiti, pakiti moja kwa siku moja. Mgonjwa huiloweka, huichemsha taratibu, huchuja, huongeza maji na kuchemsha tena, huchanganya maji ya mara zote mbili na kunywa nusu asubuhi, nusu jioni. Kazi hiyo yaweza kumla mtu saa nzima kila siku, na kwa mgonjwa wa muda mrefu saa hizo ni gharama halisi ambayo haionekani kwenye risiti. Zaidi ya hapo, wiki ijayo orodha inabadilishwa kulingana na hali yake. Mtafiti anayetaka kulinganisha bei na faida anajikuta akikimbiza kitu kisichotulia: kila mgonjwa ana dawa yake, na dawa yenyewe si ile ya wiki iliyopita.

Kuhusu bei, ni lazima kuuliza pia ni nani anayeipanga. China ilipoondoa katika hospitali zote za umma, mwaka 2017, faida ambayo hospitali ilikuwa ikijiongezea juu ya bei ya dawa, iliacha nje mitishamba mikavu ya kuchemsha, ambayo iliendelea kuruhusiwa kuongezewa hadi asilimia 25. Sidhani kama kuna haja ya kumtuhumu daktari yeyote ili kuona msukumo uliopo: kiambato kinachoongezwa kwenye orodha kinaiingizia hospitali fedha, na kidonge cha kisasa hakiiingizii. Halafu, mwishoni mwa mwaka 2021, mikoa 19 ikiongozwa na Hubei iliungana kununua kwa pamoja dawa za Kichina zilizotengenezwa viwandani, na bei zikashuka kwa wastani wa asilimia 42.27. Tathmini yoyote iliyofanywa kwa bei za kabla ya hapo ilikuwa imepitwa na wakati kwa siku moja. Inaonyesha pia kwamba unafuu unaosifiwa haukuwa umekaribia sakafu yake.

Yapo mahali ambapo hesabu inatoka safi, na mfano bora ni aina moja ya saratani ya damu, lukemia kali ya promielosaiti, iliyokuwa ikiua haraka mno. Katika miaka ya 1970 madaktari wa mji wa Harbin nchini China waliichukua aseniki kutoka katika tiba ya kienyeji, wakaisafisha na kuiingiza mwilini kwa sindano. Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza kiasi kwamba Marekani iliidhinisha trioksidi ya aseniki kwa ugonjwa huo mwaka 2000. Dawa hiyo hutolewa kwa dripu, siku baada ya siku, kwa wiki nyingi. Wachina wengine walikuwa wametengeneza kidonge chenye madini ya aseniki pamoja na nili na mizizi miwili ya jadi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2013, likiwa na wagonjwa 242, lilikuta kwamba baada ya miaka miwili waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 98.1 kwa kidonge na 95.5 kwa dripu. Hapa mwenye kuhesabu hahitaji kubishana juu ya plasebo wala falsafa. Kilicholinganishwa ni dawa iliyothibitishwa, faida haikupungua, na gharama ya kitanda, dripu na safari za kila siku imeondoka.

Artemisinini, dawa ya malaria, hutajwa kila mara katika mazungumzo haya, nami nitaitaja kwa ufupi. Ni kweli kwamba Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeigundua, alipata mwanga kutoka katika maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, na ni kweli kwamba dawa za mseto zenye artemisinini zimeokoa maisha kwa bei ndogo. Lakini kilichofanikiwa ni kiini kilichotolewa kwenye mmea kwa etha, kikapimwa, kikawekewa dozi na kuunganishwa na dawa nyingine. Chai ya mmea wenyewe, ambayo watetezi wake huisifu kwa kuwa haigharimu karibu kitu, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki. Na malaria isiyoisha, pamoja na vimelea vinavyozoea dawa, ni gharama kubwa kuliko bei ya dozi kamili ya siku tatu.

Madhara nayo yana bei, na tathmini nyingi huyapitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, vidonge vilivyopaswa kuwa na mmea mmoja wa Kichina viliwekewa mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi yao waligunduliwa kuwa na saratani ya njia ya mkojo. Gharama ya mgonjwa mmoja wa aina hiyo kwa miaka kumi inafuta akiba ya maelfu ya pakiti za bei nafuu. Mtu anaweza kusema kwamba lile lilikuwa kosa la kuchanganya mimea, na atakuwa sahihi. Lakini kuzuia kosa kama hilo kunahitaji maabara, wakaguzi na kumbukumbu za kila shehena, na vitu hivyo havipatikani bure. Gharama nyingine humwangukia mtu asiyekunywa dawa yenyewe. Gundi ya ejiao, inayotumiwa kama dawa, hutengenezwa kwa ngozi ya punda, na mahitaji yake yamepunguza punda katika nchi za mbali kiasi kwamba Umoja wa Afrika uliamua, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Aliyepoteza mnyama wake wa kubebea maji hayumo katika hesabu ya bima yoyote ya China.

Kinachonipa matumaini ni kwamba kampuni za China zimeanza kuzipeleka dawa zao kwenye majaribio ya kweli, ambayo wachumi wanaweza kuyatumia. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya Tongxinluo, dawa yenye viambato kama ruba, nge na tandu, kwa wagonjwa 3,777 waliopata mshtuko mkali wa moyo: katika siku 30 waliopatwa na tukio baya la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 3.4 kwa waliopewa dawa na 5.2 kwa waliopewa plasebo. Mwaka uliofuata yakaja ya Qiliqiangxin, kwa wagonjwa 3,110 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Wote waliendelea na dawa za kawaida. Nusu wakaongezewa dawa ya Kichina na nusu plasebo. Katika muda wa kati wa miezi 18.3, waliolazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa wa moyo au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 25.02 kwa dawa na 30.03 kwa plasebo.

Tofauti ya asilimia tano maana yake ni kwamba wagonjwa 20 watibiwe kwa muda huo ili mmoja aepushwe na tukio hilo. Dozi ilikuwa kapsuli nne mara tatu kwa siku, yaani 12. Kwa mtu mmoja, katika miezi hiyo, ni kapsuli kama 6,700. Kwa watu 20 ni kama 134,000. Hiyo ndiyo idadi ya kapsuli zinazonunua kulazwa kumoja, au kifo kimoja, ambacho hakikutokea. Kwa kuwa vifo na kulazwa vimewekwa katika kapu moja, hatua inayofuata ni kuvitenganisha, maana bima hulipa kapsuli zile zile kwa vyote viwili lakini mgonjwa havihesabu kuwa sawa. Baada ya hapo, mwenye bei halisi ya kapsuli, ile iliyopatikana kwenye ununuzi wa pamoja na si ile iliyoandikwa kwenye boksi, pamoja na bei ya siku moja ya kulazwa katika wodi ya moyo, anaweza kukaa na kalamu na kulimaliza swali hilo mchana mmoja.